Punda wa Maji na Dawa ya Damu

Popote unaponisikia hapa Singida asubuhi hii, uwe Ipembe unafungua duka, uwe Misuna unapakia magunia ya vitunguu, au uko Mtamaa redio umeitundika kwenye tawi huku unachambua mlenda, karibu tuzungumze. Leo nina habari ya dawa. Ni dawa ya China, dawa ya akina mama, ya zamani sana, na malighafi yake huenda imepita mlangoni kwako leo alfajiri ikiwa imebeba madumu ya maji.

Naam, punda.

Wachina wana kitu wanachokiita ejiao. Hutengenezwa kwa ngozi ya punda. Ngozi huoshwa, huparuliwa manyoya, kisha huchemshwa kwa muda mrefu mpaka itoe ute mzito. Ute ule hukaushwa kwa moto, hugandishwa, hukatwa vipande vyeusi vinavyong'aa. Mtumiaji huyeyusha kipande kwenye maji ya moto, au hukila kikiwa kimechanganywa na ufuta na tende nyekundu za kwao. Sifa yake kubwa kwa karne nyingi ni kulisha damu ya mwanamke. Anayetokwa na hedhi nzito hupewa. Aliyejifungua hupewa. Anayesikia kizunguzungu, aliyepauka uso, asiyepata usingizi akikaribia miaka 50, wote hao hupewa. Inayosifiwa kuliko zote inatoka Dong'e, katika jimbo la Shandong, mashariki mwa China.

Shikilia jina hilo la Shandong. Zanzibar ilipokea madaktari wa kwanza kutoka China mwaka 1964, wakitokea jimbo la Jiangsu. Sisi wa bara tulianza kuletewa wetu mwaka 1968, nao walitoka Shandong, na mpaka leo timu zinapokezana. Wapo Watanzania wengi waliopasuliwa na kushonwa na mikono ya watu wa jimbo hilo. Kwa hiyo ninapozungumza leo sina nia ya kuwabeza Wachina na tiba yao. Tunadaiana wema wa siku nyingi.

Sasa tujiulize, kwa nini damu ya mwanamke imeshughulikiwa kiasi hicho? Jibu linaanzia kwenye kitabu kinachoitwa Huangdi Neijing, kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mfalme wa kale, Huangdi, na tabibu wake, Qi Bo. Katika sura ya kwanza kabisa mfalme anauliza kwa nini watu huzeeka na kuacha kuzaa. Qi Bo anajibu kwa hesabu. Mwanamume, anasema, huenda kwa nane nane. Mwanamke huenda kwa saba saba.

Akiwa na miaka 7, meno ya utoto yanang'oka na nywele zinashika nguvu. Akiwa na 14, damu inafika na anaweza kubeba mimba. Akiwa na 21, magego ya mwisho yameota, mwili umekamilika. Akiwa na 28, mifupa na misuli iko kwenye kilele chake. Akiwa na 35, uso unaanza kunyauka na nywele kupukutika. Akiwa na 42, mvi. Akiwa na 49, hedhi inakoma.

Hapo kwenye 35 mimi nina ugomvi na Qi Bo. Angekuja sokoni kwetu asubuhi akaona akina mama wa miaka 35 wanavyoshusha magunia ya viazi kwenye fuso, angeifuta ile mistari yake. Wala namba zenyewe usizishike kama sheria. Binti wa leo anaweza kuvunja ungo akiwa na miaka 11 au 12, na mwenzake wa darasa lile lile akasubiri mpaka 15, na wote wawili wakawa wazima. Kukoma kwa hedhi nako, madaktari wanatuambia kunawapata wengi kati ya miaka 45 na 55, kwa hiyo mzee wa watu na 49 yake hakuwa mbali.

Kinachonivutia ni kwamba tabibu yule hakumwacha mwanamke njiani. Amemfuata toka meno ya utoto mpaka mvi. Sisi tukoje? Sisi binti akivunja ungo tuna maneno. Shangazi anaitwa, bibi anaitwa, anakaliwa kitako. Akiolewa tuna maneno. Akizaa tuna maneno, na uji juu. Baada ya hapo kimya. Mama akifika miaka 47, 48, anaamka usiku kalowa jasho, anafungua dirisha, na upepo wa Singida mnaujua wenyewe. Mume anasema hiyo malaria. Anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa ya malaria hata hivyo. Moyo unamwenda mbio, anakuwa mwepesi wa hasira, analia pasipo sababu, na mawifi wanaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Hakuna mkono wa mtu. Ni hatua ya mwili, ina jina, inapita, na mwenye dalili kali anaweza kusaidiwa hospitali. Lakini nani alimkalisha kitako mama huyu akamwambia kinachokuja, kama alivyokalishwa alipokuwa na miaka 13?

Hebu nizisogeze zile saba saba mpaka kwenye kliniki zetu, maana zinafanana na mambo yetu kuliko unavyodhani. Mwaka 2018 serikali ilipoanza kuchanja wasichana nchi nzima dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, walilengwa kwanza wa miaka 14, umri uleule Qi Bo aliosema damu inafika. Mwaka 2024 chanjo ikapanuliwa kwa wote wa miaka 9 hadi 14, na sasa ni dozi moja tu. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wanatakiwa kupimwa mlango wa kizazi, na kipimo kilichoenea ni cha siki: muuguzi anapaka siki nyepesi, anaangalia kama panageuka rangi nyeupe, basi. Shirika la Afya Duniani linahimiza wanawake wawe wamepimwa kufikia miaka 35, kisha tena kufikia 45. Kwa hiyo dada yangu unayenisikia, ukitimiza 35 usiutazame uso kwenye kioo kama Qi Bo. Nenda kapime.

Na hapa Singida huwezi kuzungumzia hatua za maisha ya mwanamke ukaruka saba ya kwanza. Kitabu cha Wachina kinasema miaka saba ya mwanzo ni ya meno na nywele. Kwetu, kwa watoto wengi wa kike, ilikuwa ni ya wembe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 31 ya wanawake wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Na kwetu hukatwa wangali wachanga, wengine hata mwaka hawajafikisha, kwa siri, kwa sababu sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana yeyote aliye chini ya miaka 18.

Mnakumbuka wakeketaji walivyokuwa wanaeleza? Lawalawa. Kuanzia miaka ya 1970, serikali ilipoanza kuikemea mila hiyo, jina hili likavuma katika mikoa ya kati. Mtoto akiwashwa sehemu za siri, akitoka uchafu, akilia akikojoa, basi ana lawalawa, na lawalawa, wakasema, haiponi kwa sindano ya hospitali, inapona kwa kukatwa. Ukiyatazama yale maradhi yenyewe ni fangasi na maambukizi ya njia ya mkojo, ya watoto wanaokaa kwenye vumbi la nchi kavu isiyo na maji ya kutosha. Yanatibika kwa usafi na dawa za kawaida za zahanati. Ila ukishamtia mama hofu ya ugonjwa ambao dawa yake ni moja tu na iko mkononi mwako, umemshika. Nataka msikilizaji ukae na hilo, kwa sababu nitakapofika kwenye maduka ya virutubisho utaikuta mbinu ileile imevaa koti jeupe.

Kabla ya hapo tukae kidogo kwenye uzazi. Hapa ndipo Wachina na sisi tunapokutana kama ndugu.

Mwanamke wa Kichina akijifungua anawekwa ndani mwezi mzima, wengine wanafikisha siku 40. Hatoki kwenye upepo. Hagusi maji baridi wala hanywi. Hafui, hapiki, hanyanyui kitu. Mama mzazi au mama mkwe anahamia kwake, anampikia supu ya kuku yenye tangawizi, mayai, samaki, vitu vya moto moto. Hoja yao ni kwamba kuzaa kumemwaga damu na joto, na mwili uliopoa haurudi ulivyokuwa usipopashwa na kupumzishwa. Desturi hii ina nguvu mpaka leo. Katika miji yao mikubwa kuna nyumba maalumu, kama hoteli, ambako mwenye fedha anakwenda kutimiza mwezi wake na wauguzi wa kumhudumia.

Sasa niambie, mama wa pwani aliyekaa arobaini, akakandwa, akanywa uji wa pilipili manga, kuna tofauti gani na huyo? Na wewe wa Singida uliyechinjiwa jogoo wa kienyeji, ambaye watu wa Dar es Salaam wanamnunua kwa bei ya kushangaza huku kwetu ni mboga, ukanywa uji wa ulezi umelala chali, umemzidi nini Mchina au yeye kakuzidi nini? Watu hawa hawakuwahi kukaa baraza moja na bibi zetu. Kila upande ulimwangalia mzazi kwa macho yake, ukafikia neno lilelile, kwamba apumzike, ale, asiachwe peke yake.

Sisemi kila kilichomo kwenye arobaini ni kizuri. Kule China wapo wazazi waliopatwa na madhara ya joto kwa kufungiwa chumbani msimu wa kiangazi bila hata feni. Kwetu wapo waliobabuliwa tumbo na maji ya kukandwa, eti yatoe mabonge ya damu. Mfuko wa uzazi unajikaza wenyewe, na mtoto anaponyonya ndivyo unavyozidi kujikaza. Mama anayetokwa damu nyingi, au mwenye homa, au mwenye harufu mbaya, huyo asikandwe. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Tatizo letu la leo si kwamba arobaini ina makosa. Tatizo ni kwamba haipo. Mwajiriwa analindwa na sheria ya kazi ya mwaka 2004: siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Hiyo ndiyo arobaini ya serikali, na ni nzuri. Lakini mama anayepanga nyanya chini pale sokoni hana mwajiri wa kumpa siku 84. Mama wa shamba la alizeti hana. Mama mkwe yuko kijijini, dada wa kazi hana uwezo wa kumlipa, mume ni bodaboda anatoka saa 11 alfajiri. Siku ya 10 unamwona mzazi amejifunga kanga tumboni, kainama, anajitwika ndoo.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Misuli inayoshikilia kizazi imetoka kuvutwa na kuzaa, haijarudi. Ukiibebesha mzigo mapema, ukarudia kila siku, ukazaa tena na tena bila kupumzika, ndipo miaka ya baadaye mama anahisi kitu kinashuka. Akina mama wanalijua jambo hili, wanalitaja kwa kunong'ona: kizazi kushuka. Wengine wanaishi nalo miaka mingi bila kumwambia hata mume, wakati hospitali lipo la kufanya. Usione aibu mama. Sema.

Turudi kwenye damu. Utafiti uleule wa 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Karibu nusu. Kwa hiyo Wachina hawakukosea kuhangaikia damu ya mwanamke, ni shida ya kweli. Swali ni kama ngozi ya punda inaiondoa. Ejiao kwa sehemu kubwa ni jelatini. Jelatini unaijua: mchuzi wa makongoro ukilala usiku kucha asubuhi unaukuta umeganda, kile kilichougandisha ndicho hicho. Ina protini, tena protini pungufu, na madini ya chuma ndani yake ni kidogo sana. Upungufu wa damu wa mwanamke wa hapa mara nyingi unatokana na ukosefu wa chuma, malaria, minyoo, hedhi nzito na uzazi wa kufuatana. Katika hayo hakuna hata moja linalotibiwa na gundi, iwe ya makongoro ya Majengo au ya punda wa Dong'e.

Linalosaidia lipo, na wala halina sifa ya kuvutia. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki, ambavyo wengine wakivichukua wanavificha chini ya godoro kwa sababu vinachafua tumbo. Vile mama, vimeze usiku baada ya chakula, vitakusumbua kidogo tu. Dawa ya minyoo. Chandarua. Majani ya kunde, mchicha, dagaa, maini ikipatikana. Na chai ile ya rangi tunayoipenda isinywewe pamoja na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Isubiri saa moja au mbili. Chungwa, limau au juisi ya choya viambatane na mboga badala ya chai. Choya yenyewe watu wanasema inaongeza damu kwa sababu ni nyekundu. Haiongezi kwa wekundu wake. Uchachu wake ndio unaoweza kusaidia mboga zako zifanye kazi.

Haya, tufike kwenye maduka.

Hapa mjini, kama miji yote ya Tanzania, kuna watu wanauza vitu vinavyoitwa dawa za Kichina au virutubisho. Baadhi ni watu waaminifu wanaouza chai na dawa ya kuchua. Lakini kuna wanaokukalisha kwenye kiti, wanakushikisha kijiti cha chuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta, na dakika chache baadaye karatasi inatoka. Ini lina shida. Figo zimechoka. Homoni zimevurugika. Mirija imeziba. Kizazi ni kichafu, kinahitaji kusafishwa. Dozi ya kwanza laki na nusu, ya pili tutazungumza.

Msikilizaji, mashine ile haina uhusiano na tiba ya jadi ya China hata chembe. Tabibu wa Kichina wa kweli ana njia nne: anatazama, ikiwemo ulimi wako; anasikiliza sauti na kunusa; anauliza maswali mengi; anashika mapigo ya mkono, mkono wa kushoto na wa kulia. Hiyo ndiyo elimu yao. Kijiti cha chuma hakijui kama mirija yako imeziba. Hilo linajulikana kwa kipimo cha picha hospitalini. Na kizazi hakina uchafu wa kusafishwa kwa vifurushi vya majani vinavyoingizwa ukeni siku tatu. Mwili una utaratibu wake wa kujisafisha. Vifurushi vile vinaweza kuleta michubuko na maambukizi, ukaenda kwa uchafu usiokuwepo ukarudi na ugonjwa wa kweli. Si mmeiona lawalawa imerudi? Hofu imetangulia, dawa ni moja, na anayo yeye.

Wala usidanganyike na neno asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, kliniki moja ya kupunguza unene iliwapa wanawake vidonge vyenye mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ukabadilishwa na mwingine wenye sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao walipata saratani baadaye. Ulikuwa mzizi, mmea wa Mungu, na sumu yake haikutoka kiwandani.

Nisionekane naponda tu. Dawa mseto ya malaria tunayoimeza Tanzania tangu 2006 ilizaliwa kwenye tiba ya Wachina. Mama mmoja, mtafiti Tu Youyou, alisoma kitabu cha karne ya nne kilichoeleza namna ya kutumia pakanga ya Kichina kutibu homa. Akaona kwamba maandishi yale yanasema mmea uloweshwe maji na kukamuliwa, hayasemi uchemshwe, akaacha kuuchemsha, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Muhimbili nako, tangu 1987, madaktari wetu na wa China walishirikiana kuwafuatilia wagonjwa wa UKIMWI waliopewa dawa za mitishamba. Hizo ndizo njia za watu wazima: dawa inaulizwa, inapimwa, inaandikwa. Nchi hii ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na baraza lake la kusajili waganga na dawa. Muuzaji akikukalisha kwenye kiti, kabla hujashika chuma chake muulize cheti cha usajili. Akikasirika, umepata majibu.

Sasa punda.

Ejiao ya zamani ilikuwa kitu cha watu wachache. Wachina walipopata fedha, ikawa ya wengi: vipande, peremende, hata vipodozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda karibu milioni 11. Miaka 30 baadaye walibaki chini ya milioni 3. Punda si kuku. Anabeba mimba mwaka mzima na zaidi, anazaa mtoto mmoja, na mtoto yule anakaa miaka kadhaa kabla hajazaa naye. Huwezi kumfuga kwa kasi ya kiwanda. Wanunuzi wakageukia Afrika.

Kenya ilifungua machinjio manne kuanzia 2016. Wizi wa punda ukaenea, mtu anaamka anakuta mzoga umechunwa porini. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikalitengua katazo hilo mwaka uliofuata. Kwetu machinjio yalikuwa Shinyanga na hapo Dodoma, jirani kabisa. Mwaka 2022 Tanzania ikasimamisha uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi kwa miaka 10. Desemba mwaka huohuo wajumbe kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia punda tu, na Februari 2024, Addis Ababa, wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika wakaridhia katazo la bara zima kwa miaka 15.

Waliolalamika walisema tumezuia biashara. Nawajibu hivi. Punda mmoja anabeba madumu manne ya lita 20 kwa safari moja. Ni ndoo nne ambazo hazikukaa juu ya kichwa cha mwanamke. Ukimwekea mkokoteni anabeba mara nyingi zaidi. Anabeba kuni, anabeba mtama kutoka shambani, anampeleka mgonjwa barabarani. Mzazi wa siku ya 10 mwenye punda na mtoto wa shule wa kumswaga anaweza kubaki ndani. Asiye na punda anatoka. Lile pumziko ambalo mama mkwe wa Kichina na bibi wa Kinyaturu wote wanakubaliana nalo, hapa Singida mara nyingi linaletwa na mnyama huyo mwenye masikio marefu tunayemchapa bakora na kumtukana. Ukimchinja ukamchemsha, mwanamke wa mbali anapata jelatini ambayo angeipata kwenye supu ya miguu ya ng'ombe, na mwanamke wa Unyambwa anapata ndoo kichwani. Hesabu hiyo mimi siikubali, hata bei ya ngozi ipande mara 10.

Wala simlaumu yule mama wa China anayenunua kipande chake apate nguvu baada ya kuzaa. Pengine hajawahi kuelezwa ngozi imetoka wapi na nani kabaki anabeba maji.

Zuio letu linafika mwisho mwaka 2032, na wanunuzi wanajua kalenda kuliko sisi. Madiwani mnaotusikiliza, anzeni kuuliza mapema. Mwenye punda jike, usimuuze kwa mtu anayekuja jioni na fedha taslimu, hana kibali cha mifugo na hataki kwenda mnadani. Na mume wa mzazi, hata kama punda hunaye, maji ya siku 40 chota wewe. Dada uliye mjamzito, au uliyetoka kujifungua na unasikia kizunguzungu ukiinama, kliniki ya mama na mtoto wanapima wingi wa damu kwa tone la kidoleni. Nenda wiki hii, na kadi yako usiisahau.